Zepelini Iliyotumwa Umakondeni Ikaishia Kuilipua Napoli

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukimjibu msomaji wa Kigoma aliyeuliza habari za meli ya Liemba, tulidokeza kwa sentensi moja tu kwamba mwaka 1917 Wajerumani walijaribu kulipelekea jeshi lao la Afrika Mashariki silaha kwa njia ya anga. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoibeba. Tumechagua sita, na kwa kuwa zote zinahusu chombo kimoja, yaani zepelini (meli kubwa ya anga inayoelea kwa gesi) iliyoitwa L 59, tumezipanga ili jibu la mbele liegemee jibu la nyuma.

Ndugu Mhariri, ninafundisha historia hapa Newala, na wanafunzi wangu wamenibana. Je, ni kweli kwamba Wajerumani walituma zepelini ije kutua huku kwetu Umakondeni? Kama ni kweli, ilibeba nini, ilifika wapi, na mbona hakuna mtu aliyeiona? (Mwalimu, Newala)

Mwalimu, ni kweli, na wanafunzi wako wana haki ya kukubana. Hakuna aliyeiona huko kwa sababu haikufika: iligeuzwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1917 ikiwa juu ya jangwa la Sudan, kiasi cha kilomita 200 magharibi ya Khartoum, ilhali zaidi ya nusu ya safari yake ilikuwa imekwisha.

Ili uelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu alibuni safari kama hiyo, itazame kwanza hali ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu vita vilipoanza. Meli mbili tu za shehena zilikuwa zimeuponyoka ulinzi wao: Rubens, iliyoingia ghuba ya Manza karibu na Tanga mwezi Aprili 1915 huku ikifukuzwa kwa mizinga, na Marie, iliyotia nanga Sudi, kusini ya Lindi, mwezi Machi 1916. Baada ya hapo mlango ukafungwa kabisa. Risasi zilipungua, dawa zilipungua, na askari walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini mwezi baada ya mwezi. Ndipo Max Zupitza, daktari wa kijeshi aliyewahi kufanya kazi katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, alipotoa pendekezo kwamba, ikiwa meli haiwezi kupita majini, basi ipitishwe meli angani. Wakubwa wa Berlin walilikubali, na daktari mwenyewe akapanda chombo pamoja na wengine.

Chombo cha kwanza kilichotengwa kwa kazi hiyo, L 57, hakikutoka hata nje ya Ujerumani; dhoruba ya mwezi Oktoba 1917 ilikiharibu huko Jüterbog, kikateketea. Haraka haraka ikachukuliwa L 59, iliyokuwa ikiundwa Staaken, pembeni mwa Berlin, nayo ikarefushwa kwa mita 30 ili iongezewe mifuko ya gesi. Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mita 226 na nusu, na gesi yake ilifikia mita za ujazo 68,500. Msomaji wetu wa Kigoma anaweza kutusaidia kupima: Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo Liemba tatu zikipangwa kwa mstari mmoja, bado L 59 ingezipita.

Jambo linalonivutia zaidi kuliko ukubwa huo ni kwamba chombo hicho hakikukusudiwa kurudi. Afrika hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza upya, kwa hiyo waundaji wake waliamua kwamba meli yenyewe iwe sehemu ya shehena. Kitambaa cha nje kingeshonwa mahema. Kitambaa cha mifuko ya gesi kingegeuzwa mifuko ya kulalia. Mbavu zake za duralumini, yaani alumini iliyoimarishwa, zingesimamishwa kuwa mlingoti wa redio, na injini za Maybach zingezungusha jenereta. Hata ule ujia mwembamba ambao mabaharia waliupita ndani ya tumbo la chombo ulitandikwa ngozi, ili siku ya siku ikatwe itengenezewe viatu. Sijui kama kuna chombo kingine cha vita kilichoundwa huku mafundi wakijua kwamba kitachinjwa kama ng'ombe wa karamu, pasibaki hata kwato.

Shehena ya kawaida ilikuwa kiasi cha tani 15: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha 30, ambazo askari wa enzi hizo walizoea kuziita bombom, mafurushi ya dawa na bandeji, vipuri vya redio, mapanga, darubini, vifaa vya kushonea, na barua kutoka nyumbani.

Safari ilianzia Jamboli, mji wa Bulgaria uliokuwa na kituo cha kusini kabisa cha meli za anga za Ujerumani. Majaribio mawili ya katikati ya Novemba yalishindikana. Katika jaribio la pili, L 59 ilipigwa risasi na askari wa Uturuki, ambao walikuwa washirika wa Ujerumani lakini hawakuitambua. Hatimaye tarehe 21 Novemba iliondoka na watu 22 chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Usiku wa kwanza, karibu na kisiwa cha Krete, iliingia katika mawingu ya radi, na walinzi wa zamu waliokaa juu ya mgongo wa chombo waliona miali ya samawati ikicheza kwenye ngozi yake bila kuiunguza, jambo ambalo wanamaji wa zamani walilijua kwenye milingoti ya matanga, lakini ambalo mtu akiliona juu ya shehena ya haidrojeni, roho humruka. Waya mrefu wa antena ulivutwa ndani kwa hofu ya radi. Ukumbuke waya huo, Mwalimu, maana tutauhitaji katika jibu linalofuata.

Alfajiri ya tarehe 22 waliivuka pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Misri na Libya, na mchana kutwa hawakuona chini yao ila mchanga, pamoja na oasisi ya Dakhla iliyowapa alama ya kujua walipo. Mwanga uliorudi kutoka mchangani uliwaumiza macho na vichwa, na baadhi yao walianza kuona vitu ambavyo havikuwepo. Alasiri, giaboksi ya injini ya mbele ikapasuka. Injini nyingine zilitosha kuwasukuma mbele, lakini hiyo iliyokufa ndiyo iliyokuwa ikiipa umeme redio ya kutuma habari. Tangu hapo L 59 iliweza kusikia tu, haikuweza kusema. Usiku waliuona mto Nile, wakaendelea kusini.

Kasorobo ya saa saba za usiku, sauti ya Ujerumani ikawafikia. Ujumbe uliwaamuru warudi, kwa maelezo kwamba adui ameishika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde na tayari yumo Kitangari. Ndiyo, ni Kitangari hiyohiyo unayoijua wewe, mwendo mfupi kutoka darasani kwako. Baadhi ya mabaharia walitaka waendelee, kwa hoja kwamba waliokuwa chini wangejua namna ya kuwapokea. Bockholt alifikiri, kisha akageuza usukani. Asubuhi ya tarehe 25 Novemba walitua palepale walipoondoka, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi, wakiwa wamebakiwa na mafuta ya zaidi ya siku mbili. Chombo kingefika, Mwalimu. Kilichokosekana ni mahali pa kufikia.

Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo kwa redio, wakajifanya Wajerumani, na L 59 ikadanganyika. Mbona historia rasmi haisemi hivyo? (Msomaji, Tanga)

Hadithi hiyo hupendwa kwa sababu kila upande unapata chake: Mwingereza anapata sifa ya ujanja, na Mjerumani anapata kisingizio. Hata hivyo, amri ilitoka kwa wakubwa wa jeshi la majini mjini Berlin, na mtambo ulioifikisha ni ule mkubwa wa Nauen, karibu na mji huo. Wasiwasi uliwaingia mapema. Kituo cha Jamboli kilijaribu kuiita L 59 ingali karibu, lakini ule waya wa antena ulikuwa umevutwa ndani kwa ajili ya radi, na meli ikapita bila kusikia. Ndiyo maana amri iliyopaswa kuikuta juu ya bahari ya Mediterania iliikuta juu ya Sudan.

Penye mwanya wa hadithi ni hapa: Lettow-Vorbeck hakuwa na mtambo wa kutuma habari hadi Ulaya, kwa hiyo Berlin ililazimika kuijua hali ya jeshi lake kwa kutegemea, kwa sehemu kubwa, habari zilizotoka upande wa adui. Mtu anaweza kusema kwamba habari hizo zilipikwa. Basi tuzipime kwa yale yaliyotokea. Katikati ya Oktoba 1917, huko Mahiwa, Wajerumani waliwazuia Waingereza katika mapigano makali ya siku nne, lakini walimaliza risasi ambazo hawakuwa na pa kupata nyingine. Katikati ya Novemba, akiwa Nambindinga juu ya nyanda za Makonde, Lettow-Vorbeck aliwachambua watu wake: wagonjwa na waliochoka wakaachwa nyuma wakamatwe, akabaki na Wazungu wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700, na wapagazi na wengineo wapatao 3,000. Akateremka nao kusini hadi mto Ruvuma, akauvuka kuingia eneo la Wareno. Ujumbe ulisema Umakonde umepotea, nao ulikuwa umepotea kweli. Ikiwa kuna Mwingereza aliyetunga uongo huo, basi alitunga uongo usio na hata chembe ya uongo ndani yake.

Ndugu Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni fundi wa viyoyozi huku Muscat, joto nalijua. Nashangaa chombo kilichojaa gesi kiliwezaje kupita jangwani mchana bila kupasuka. Pia, kwa nini mnaita "meli" wakati kiliruka? Si ndege hiyo? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam. Tuanze na neno. Ndege, hata ile ya wanyama, huruka kwa mabawa. Hiki hakikuwa na mabawa. Kilielea hewani kama jahazi linavyoelea majini, kwa sababu haidrojeni iliyomo ni nyepesi kuliko hewa iliyokizunguka. Wajerumani wenyewe walikiita kwa neno lenye maana ya meli ya hewani, na kilikuwa na mkuku, usukani, nahodha, zamu, hata farumi, yaani uzito unaobebwa makusudi ili kukiweka chombo sawa. Kwa hiyo tutaendelea kuiita meli, kwa idhini yako.

Farumi ndiyo iliyowaokoa jangwani. Jua linapowaka, gesi hupanuka, na isipopunguzwa mifuko itapasuka. Vali zenyewe hufunguka na kuitoa nje. Mpaka hapo hakuna hatari. Tatizo huja usiku. Jangwa hupoa upesi, gesi iliyobaki hujikunyata, na chombo kilichokuwa chepesi saa nane mchana kinakuwa kizito saa nane usiku, kwa kuwa gesi iliyotoka haina namna ya kurudi. Nahodha hana la kufanya ila kupunguza uzito. L 59 ilianza safari na takriban tani 9 za maji kwa kazi hiyo tu. Usiku ule wa kugeuka ilishuka ghafla hadi karibu na vilima, na ikabidi wamwage maji na kutupa sehemu ya shehena ili ipande tena. Wewe unayejaza gesi katika mitambo ya kupoza utaelewa kwa nini mabaharia hao, waliokuwa wametoka kuungua mchana, walikaa usiku kucha wakitetemeka kwa baridi huku wakihesabu ndoo.

Kuhusu haidrojeni yenyewe: ni nyepesi kupita gesi zote, na huwaka upesi ikichanganyika na hewa. Mifuko yake ilitandikwa utando wa matumbo ya ng'ombe, kwa sababu hapakuwa na kitambaa cha siku zile kilichoweza kuizuia isivuje. Ng'ombe waliohitajika kwa meli moja walikuwa maelfu kwa maelfu. Hilo la kuwaka upesi na la kuvuja liweke kando, nitalirudia katika barua ya kutoka Bujumbura.

Ndugu Mhariri, kama L 59 ilikuwa ya kubeba mizigo, mbona inahesabiwa miongoni mwa zepelini zilizolipua miji? Ni mji gani uliolipuliwa nayo? (Bibi, msomaji wenu wa siku nyingi, Mombasa)

Bibi, shikamoo. Swali lako ndilo linaloingia ndani ya vita vyenyewe.

Meli iliporudi Jamboli, kazi iliyoundiwa ilikuwa imekufa. Ilikuwa mpya, nzima, na imethibitisha kwamba inaweza kwenda mbali kuliko nyingine zote, lakini hapakuwa tena na Afrika ya kuipeleka. Wakubwa walibishana la kuifanyia. Kuirudisha kaskazini ishambulie London hakukuwa na maana. Zepelini zilianza kuipiga Uingereza usiku wa tarehe 19 Januari 1915, katika pwani ya Norfolk, na London yenyewe ikapigwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 31 Mei mwaka huohuo. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi hapakuwa na dawa yake, kwa kuwa risasi za kawaida zilipita katika mifuko ya gesi kama sindano katika nyavu. Mambo yaligeuka Septemba 1916, wakati rubani William Leefe Robinson alipoiteketeza meli ya anga SL 11 kaskazini ya London kwa risasi za kuwasha moto, na maelfu ya watu wakaiona kutoka mitaani. Baada ya hapo kila safari ya kwenda Uingereza ilikuwa kamari. Mpaka vita vinakwisha, mashambulizi ya meli za anga yalikuwa yamewaua watu zaidi ya 500 nchini humo, wengi wao raia, na Wajerumani walikuwa wamewapoteza mabaharia wengi wa anga wasioweza kupatikana tena kirahisi.

Bahari ya Mediterania ilikuwa jambo tofauti. Huko hakuna aliyetarajia meli ya anga. Italia ilikuwa vitani dhidi ya Ujerumani tangu Agosti 1916, na bandari zake za kusini zilijiona ziko mbali na mapigano. L 59 ikafanyiwa marekebisho ili ibebe mabomu, na usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi 1918 Bockholt aliivusha bahari ya Adriatiki, akaikata Italia, akatokea juu ya Napoli kutoka kimo cha zaidi ya mita 3,000. Aliangusha kiasi cha kilo 6,400 za mabomu. Shabaha zilizokusudiwa zilikuwa bandari ya kijeshi, kiwanda cha gesi, na kiwanda cha chuma cha Bagnoli. Hizo ndizo shabaha za kwenye karatasi, Bibi. Kutoka kimo kile, usiku, bomu halichagui paa. Mabomu yalianguka mitaani na kwenye nyumba za watu, na moja liliipiga nyumba ya kutunzia wazee maskini, iliyoendeshwa na masista katika barabara ya Corso Vittorio Emanuele, likawaua wazee kadhaa vitandani. Waliokufa mjini usiku huo walizidi kumi, na majeruhi walikuwa wengi zaidi. Meli ikarudi Bulgaria bila mkwaruzo.

Siku chache baadaye, tarehe 20 Machi, iliondoka tena kwenda Port Said, kwenye mlango wa Mfereji wa Suez. Upepo wa mbele uliichelewesha mpaka kulipokaribia kupambazuka, na kwa kuwa meli ya anga mchana ni shabaha ya bure, iligeuka ikiwa karibu kabisa na mji. Ilijaribu kuipiga kambi ya jeshi la majini la Uingereza katika ghuba ya Suda, Krete, lakini mawingu yaliifunika, ikarudi na mabomu yake yote. Kwa hiyo katika historia yake L 59 iliulipua mji mmoja tu, na mji huo ni Napoli.

Kuhusu Bockholt nitaongeza kidogo, ingawa hukuuliza. Mwezi Aprili 1917, akiwa nahodha wa meli nyingine, L 23, aliikuta katika bahari ya Kaskazini jahazi la Norway lililoitwa Royal. Badala ya kulilipua, aliishusha zepelini yake juu ya maji, akawapandisha mabaharia wachache juu ya jahazi hilo, nao wakalipeleka Ujerumani kama mateka. Ni uharamia wa aina ambayo haijawahi kurudiwa, na unamweleza vizuri: alikuwa mtu wa kujaribu. Naamini ndiyo maana alipewa safari ya Afrika, na nashuku ndiyo maana pia, baada ya kuambiwa arudi, hakuweza kutulia Jamboli.

Ndugu Mhariri, naomba kujua ni nani aliyeiangusha L 59. Huku Bujumbura tumebishana na wenzangu: mmoja anasema Waingereza, mwingine anasema Waitaliano. (Msomaji, Bujumbura)

Wenzako wote wawili wameshindwa, ndugu yangu. Si Waingereza wala Waitaliano waliodai kuiangusha, na katika vita vile, ambamo kila mpiga mzinga aliyeangusha hata puto alitaka cheti, kimya hicho kina uzito.

Tarehe 7 Aprili 1918 L 59 iliondoka Jamboli kwenda kuishambulia kambi ya jeshi la majini la Uingereza huko Malta. Jioni ilikuwa ikipita juu ya mlangobahari wa Otranto, kati ya kisigino cha Italia na pwani ya Albania. Chini yake palikuwa na nyambizi ya Kijerumani, UB-53, iliyokuwa imeibuka juu ya maji. Nahodha wa nyambizi hiyo aliiona ikija, akaitambua, na ikapita karibu mno, kiasi cha mita 200 tu juu ya bahari, hata aliweza kuona vizuri sehemu za chumba cha marubani kilichoning'inia tumboni mwake. Ikaenda zake kusini. Muda mfupi baadaye aliona katika upeo wa macho miale miwili kama ya mizinga inayopasuka angani, kisha moto mkubwa ukawaka na kuimulika bahari kama mchana, ukashuka taratibu hadi majini, na baadaye mlio ukamfikia. Nyambizi ilielekea huko. Hakuna aliyepatikana hai. Bockholt na watu wote waliokuwamo walikufa.

Kilichobaki ni kukadiria, na makadirio ya wengi huangukia ajali ya ndani. Mfuko wa gesi unaovuja, mvuke wa petroli, cheche kutoka kwenye injini: kimoja tu kati ya hivyo kilitosha. Miezi mitatu kabla yake, mwezi Januari 1918, moto uliotokea ndani ya mabanda ya Ahlhorn, huko Ujerumani kwenyewe, uliteketeza meli tano za anga kwa muda wa dakika chache bila adui hata mmoja kuwepo.

Shikamoo Mhariri. Je, L 59 ingefika Umakondeni, vita vingekwendaje? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Songea)

Marahaba mwanangu. Kwanza ingebidi itue, na hilo lenyewe lilikuwa mtihani. Kwenye vituo vya Ulaya meli ya anga ya ukubwa huo ilishikwa kwa kamba na mamia ya wanaume waliozoea kazi. Nyanda za Makonde zimejaa vichaka, na waliokuwa huko walikuwa wakikimbizwa.

Tuseme imetua. Gawa risasi 300,000 kwa askari 1,700: kila mmoja anapata kama 180 hivi, ambazo katika mapigano kama ya Mahiwa zisingedumu siku nyingi. Halafu nani angezibeba? Mzigo wa mpagazi siku zile ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 kwa kukadiria. Tani 15 ni zaidi ya mizigo 500, na kila mzigo ulihitaji kichwa cha mtu mwenye njaa, ambaye naye alihitaji chakula kibebwe na mtu mwingine. Wazungu wameandika mengi kuhusu meli hiyo na machache mno kuhusu vichwa hivyo.

Dawa zingewafaa, hilo sikatai. Lakini silaha Lettow-Vorbeck alizipata kwingine. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma, akaivamia ngome ya Wareno huko Ngomano, mahali unapoingia mto Lugenda, akateka bunduki mamia, bombom sita, na risasi zipatazo 250,000. Hizo zilimsogeza mbele ndani ya Msumbiji, akaendelea kupigana kwa mwaka mzima kamili, hadi aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Asubuhi ya siku ile ya Ngomano, mabaharia wa Jamboli walikuwa wakiishusha L 59 kwa kamba, sehemu kubwa ya shehena ikiwa bado tumboni mwake.